Jiwe Namba Kumi na Saba

Ujerumani,
Jumapili, 14 Septemba 1997

Dada Dativa,

Shikamoo. Nimefika salama, sijaganda, na hakuna aliyenila. Waambie wote waliokuwa wakilia stesheni ya Mang'ula wakaushe macho. Baridi yenyewe haijaanza, ila mimi tayari nimevaa sweta mbili, na wenzangu wa maabara wananicheka kwa Kijerumani ili nisielewe.

Mama hajambo? Mwambie nakula. Huku ni viazi asubuhi, mchana na jioni, na siku nikiota wali wa Ifakara naamka nimemkasirikia kila mtu.

Habari kubwa ni kwamba sanduku la mawe limefika. Yapo yote ishirini na mawili, kila moja na namba yake. Nimeyapanga kwenye rafu juu ya meza yangu, na profesa wangu ameshakuja mara tatu kuyatazama. Zuri kuliko yote ni namba kumi na saba, lile alilolileta shemeji Mashimba. Ni jeusi, zito, ukubwa wake kama kichwa cha mtoto mdogo, nalo limejaa chembe nyekundu zinazong'aa. Upande mmoja lilikuwa na weusi wa kuteleza, utadhani mtu amelipaka mafuta miaka nenda miaka rudi. Nimelisugua kwa brashi na sabuni karibu saa nzima mpaka likatakata.

Siku tunaagana uliniuliza umri wa jiwe unajulikanaje wakati halina cheti cha kuzaliwa. Linacho, mwalimu. Ndani ya mawe yetu mna chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, zinaitwa zirkoni. Chembe hiyo inapozaliwa hubeba urani kidogo, na urani hiyo hugeuka kuwa risasi, ile metali nzito na siyo ya bunduki, polepole, kwa mwendo usiobadilika, kwa mamilioni ya miaka. Ukiipima ile risasi, umejua umri.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye utamu. Mawe ya Udzungwa yaliwahi kuzama chini sana ardhini, yakapikwa na kukandamizwa hadi yakawa mawe mengine. Hizo zilikuwa zama mabara yalipogongana na kuinua milima mirefu kuliko hii ya leo. Milima ile yote imekwisha, imeliwa na mvua, na huo mlima unaouona kutoka dirisha la darasa lako ni mizizi yake tu. Jiwe linapopikwa, chembe huota ganda jipya juu ya moyo wa zamani. Moyo unakumbuka siku ya kuzaliwa na ganda linakumbuka siku ya moto. Kazi yangu ni kuviuliza vyote viwili.

Kesho Jumatatu naanza kutwanga. Usicheke, ni kutwanga kweli, kwenye kinu cha chuma, kisha nasaga, kisha napepeta kwa maji mpaka zibaki zile chembe. Naanza na kumi na saba kwa sababu nalipenda.

Jambo moja libaki kati yetu watatu. Sheria ya kazi yetu ni kwamba mtafiti avunje jiwe mwenyewe, tena alivunje kutoka kwenye mwamba. Jiwe lililolala tu chini laweza kuwa limetoka kokote, halina ushahidi wowote. Siku ya kulitafuta jiwe hilo la kumi na saba mimi nililala Mang'ula na malaria, shemeji akapanda peke yake na nyundo yangu mpaka mwambani juu ya maporomoko. Aliniapia kwamba alifika. Kwenye daftari nimeandika kuwa nililivunja mimi. Si uongo mkubwa, kwa kuwa nyundo ilikuwa yangu.

Msalimie sana shemeji, na watoto, na Mama zaidi ya wote.

Mdogo wako mtiifu,
Nickolaus


Kisawasawa,
Jumapili, 28 Septemba 1997

Mdogo wangu Nickolaus,

Barua yako bado haijafika, nami nimeona nijibu kabla ya kuulizwa, maana ualimu umeniharibu. Sisi ni wazima. Mashimba yuko na ng'ombe wake, watoto wanakula kuliko ng'ombe, na darasa langu la nne lina wanafunzi tisini na madawati kumi na sita.

Ninayekuandikia habari zake ni Mama. Mwili hauna ugonjwa. Lakini tangu siku tuliyofungua shule, Jumatatu ya tarehe 15, anasikia mtu anatwanga. Siku ile nilirudi saa nane mchana nikamkuta uani, mchicha ameuacha kwenye ungo, uso ameuelekeza mlimani. Akaniuliza ni nani anatwanga kule mahame. Nikamwambia mahame hakuna mtu, labda ni jirani. Akasema, "Si jirani. Anatwanga kwa Fulgence."

Fulgence wewe humjui. Ni kaka yako. Ulizaliwa mwaka mmoja baada ya kifo chake, na Mama alikataza jina lake litajwe mbele yako, alihofu utalichukua na mengine pamoja nalo. Alikufa kwa surua mwaka 1970, ana miaka minne. Baba alimzika nyuma ya nyumba yetu ya zamani kule chini ya mlima, akaweka jiwe kichwani. Mwaka 1974 tukahamishiwa huku kijijini, nyumba ikawa mahame, na msitu umemeza kila kitu isipokuwa lile jiwe.

Mama alikuwa akienda kila mwaka kabla ya mvua. Anafagia, kisha analipaka jiwe mafuta ya nyonyo, taratibu, kama anavyopakwa mtoto aliyetoka kuoga. Tangu mahame yaingie ndani ya mpaka wa hifadhi huwa tunaomba kibali Mang'ula, na askari mmoja anatusindikiza. Mwaka jana Mama hakwenda kwa sababu ya miguu. Mwaka huu anataka aende, awe na miguu au asiwe nayo.

Mimi, kama unavyojua, nilikulia kwa shangazi Ifakara kwa ajili ya shule. Mahame nilifika siku za kufagia tu, nikimfuata Mama nyuma. Kaburi nalijua kwa jiwe lake, mahali penyewe sipajui sawasawa.

Nimeandika haya kwa sababu huku hakuna wa kumwambia. Ukimwambia mtu wa hapa mtaani kwamba mama yako anasikia kinu, kesho wataanza kukutajia waganga. Andika upesi.

Dada yako akupendaye,
Dativa


Ujerumani,
Jumapili, 19 Oktoba 1997

Dada Dativa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata Jumatano. Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena.

Nianze na habari njema. Mashine imesema. Chembe moja unaifunga kwenye utepe mwembamba wa metali, unaipasha moto, ganda linatoa risasi yake kwanza na moyo unafuata. Mawe mengine niliyokwisha kuyapima, ganda na moyo vinasema jambo moja: miaka milioni mia sita na arobaini, ule wakati wa mgongano. Kumi na saba ganda lake linasema hivyohivyo. Lakini moyo wake, Dada, una miaka milioni elfu moja mia tisa na sabini. Profesa alitaka nirudie. Nimerudia kwa chembe tano na jibu ni lilelile.

Maana yake ni kwamba katikati ya milima yetu kuna kipande cha nchi ya zamani sana kilichopita kwenye moto ule na hakikusahau. Kama jiwe limetoka pale juu ya maporomoko, basi mpaka wa nchi ile ya kale unapita juu ya Kisawasawa, na hakuna aliyewahi kuuchora. Profesa anasema nisiishie shahada ya pili. Anazungumzia udaktari.

Kuhusu Mama, mwambie anayetwanga ni mimi. Siku hiyohiyo, saa hizohizo, nilikuwa natwanga huku. Nimeandika hilo kwa mzaha, halafu nikaiacha barua mezani, nikaenda kutembea.

Nadhani asiende mahame mwaka huu. Redio zinasema kuna mvua kubwa zinakuja. Miguu yake haina nguvu, na kule ndani kuna tembo. Kufagia kunaweza kungoja mwakani nitakapokuwa nimerudi, twende wote. Msihi, tafadhali. Wewe ukisema anasikia.

Mdogo wako,
Nickolaus


Kisawasawa,
Jumapili, 16 Novemba 1997

Nickolaus,

Barua zako mbili ninazo. Hongera kwa huo moyo wa jiwe. Nimewasomea darasa la nne, wakauliza kama miaka milioni ni mingi kuliko umri wa mwalimu mkuu.

Mama nilimsihi kama ulivyosema, akavaa kanga akaniambia nibaki nikitaka. Tulikwenda Jumamosi ya tarehe 8 na askari wa hifadhi, Teofili, kijana mwenye adabu. Mashimba alitubebea maji mpaka kwenye bikoni ya mpaka, akakaa hapo kutusubiri. Ndivyo kwetu, mkwe haingii kwenye makaburi ya wakwe zake mpaka awe amemzika mmoja wao, na Baba alitangulia kabla mimi sijaolewa. Kwa hiyo mume wangu hajawahi kuonyeshwa kaburi la Fulgence, na sisi hatukuwahi kumsimulia kuwa lina alama ya jiwe.

Jiwe halipo.

Mama alikwenda moja kwa moja, akasimama, akatazama chini, akazunguka. Akaanza upya kutoka palipokuwa na mlango wa nyumba, akahesabu hatua kwa sauti. Akafika mahali pengine. Majani yamefunika, mizizi imenyanyua ardhi, hakuna tuta, hakuna shimo, hakuna chochote. Alizunguka hivyo tangu saa tatu hadi saa saba na chupa ya mafuta ya nyonyo mkononi. Teofili alipanguza majani kwa panga mpaka akaloa jasho. Mwishowe Mama akakaa chini, akauliza msitu, siyo sisi, "Mmempeleka wapi?" Tulirudi na chupa imejaa.

Tangu siku ile habari ya kutwanga haisemi tena. Sasa anasema mtoto anakuja mchana, anasimama pale penye kivuli cha jiko, haingii. Mwili wake mweupe kama mtu aliyetoka kwenye unga. Mama anamwekea uji. Mimi naumwaga uji huo jioni, na nazunguka nyuma ya nyumba nisipite penye kivuli kile, mimi mwalimu niliyesomea chuo cha Mpwapwa.

Nataka uniambie mambo mawili. Lile jiwe lako la kumi na saba bado lipo? Na Mashimba alilitoa wapi? Nilimwuliza mara moja tu. Akasema alikupa wewe neno lake kuwa alifika juu, na wewe ukimwuliza atakujibu. Kisha akaenda zizini. Sikumfuata. Naogopa jibu lake, kwa sababu ni mume wangu na nitaendelea kumpikia.

Andika upesi kuliko mara zote.

Dada yako,
Dativa


Ujerumani,
Jumapili, 7 Desemba 1997

Dada,

Shikamoo. Pole sana, na Mama mpe pole nyingi.

Nimefikiri sana kuhusu hilo jiwe la kaburini. Tembo husogeza mawe. Maji nayo hubeba, na huko mteremko ni mkali. Udongo wa huko kwetu unatembea, nikisema hivi nasema kama mtu wa miamba. Inawezekana kabisa limefukiwa palepale na ninyi mlikanyaga juu yake. Usimsumbue Mashimba. Ni mtu mwaminifu, alisema alifika na mimi nikaamini.

Kumi na saba si jiwe la ajabu. Mawe ya namna ile ni mengi mlimani.

Mambo huku yanakwenda mbio. Tarehe 18 Februari kuna mkutano mkubwa wa wataalamu wa miamba, watakuja kutoka nchi nyingi, na profesa ameniweka niseme kwa dakika ishirini. Nitasema habari za kumi na saba. Baada ya hapo wataamua kuhusu nafasi ya udaktari, na iko moja tu. Nimeshatengeneza ramani yenye mstari mwekundu unaopita juu ya Kisawasawa. Kila nikiutazama mstari ule nafurahi, halafu furaha inakwama mahali.

Theluji imeanguka. Nilidhani ningeipenda. Inafanya kila kitu kionekane kimepakwa unga, na asubuhi nikivuka uwanja wa chuo natembea haraka nisitazame nyuma. Nisingependa uwaambie wengine hilo.

Mama apewe uji akitaka, hata kama ni wa kumwagwa.

Nickolaus


Kisawasawa,
Jumapili, 4 Januari 1998

Nickolaus,

Barua yako ilichukua siku kumi na tano tu, pamoja na mafuriko haya. Hukuniambia kama jiwe bado lipo. Nimefundisha watoto miaka kumi na mitano, najua mwanafunzi aliyejibu swali lingine ili asijibu la kwake.

Mvua haijakatika tangu Krismasi. Mto Lumemo umefurika hadi majumbani, watu wa Ifakara wengine wamehamia shuleni, mpunga wote uko chini ya maji. Treni inapita siku inayotaka. Mashimba amewahamishia ng'ombe juu, wamekufa saba.

Mama hali chakula tena. Hana homa, hana kikohozi, daktari amempima na hakuona kitu. Anakunywa maji na kulala ameelekea ukutani. Siku ya mwaka mpya aliniita akasema anataka azikwe karibu na Fulgence, mtoto amechoka kusimama nje. Ndilo jambo pekee aliloliomba maisha yake yote, Nickolaus. Wewe hukumwona alivyokuwa akiomba, kama mtu anayeazima chumvi.

Nilikwenda Mang'ula kwa miguu kwenye tope. Mhifadhi alinisikiliza vizuri. Kaburi jipya ndani ya hifadhi ni jambo gumu, ila alisema tukiweza kuwaonyesha kuwa pale pana kaburi la familia tangu zamani, ataandika kwa wakubwa wake kutuombea. Tuonyesheni kaburi, alisema. Ndicho tusichonacho.

Kwa hiyo nasema wazi sasa. Nadhani jiwe lile ulilosugua mafuta yake kwa sabuni ni la ndugu yetu. Nadhani Mashimba hakufika juu siku ile. Yeye peke yake duniani anajua alilitoa wapi, na neno lake umelishika wewe. Simwombi yeye, nakuomba wewe. Andika mstari mmoja tu kwake, umwulize. Ukitaka kaa na udaktari wako, mimi sijui kitu kuhusu mistari ya ramani na sitamwambia mtu. Mwulize tu, ili tuwaonyeshe watu wa hifadhi mahali, Mama apate pa kulala.

Dativa


Ujerumani,
Jumapili, 25 Januari 1998

Dada Dativa, na Shemeji Mashimba, msome wote wawili,

Shikamooni.

Dada, umesema kweli yote. Mimi nilijua tangu barua yako ya kwanza, uliposema mafuta ya nyonyo. Siku ileile nilitoa picha niliyoipiga kabla sijalitwanga. Kila jiwe tunalipiga picha. Kumi na saba halina alama ya nyundo hata moja. Limeviringika pande zote kama jiwe lililokaa mtoni au lililoshikwashikwa, na kwenye ule weusi wa mafuta kuna michirizi minne ya vidole inayoshuka sambamba. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara ngapi sijui, na nilichokuwa nikikiona ni chembe nyekundu.

Halipo tena. Kilichobaki ni unga kidogo kwenye kichupa na chembe kama thelathini. Nimemtwanga ndugu yangu, na niliimba nikitwanga. Siku zile nilikuwa na furaha kuliko siku zote za maisha yangu, ndicho kinachonitesa.

Nilinyamaza kwa sababu bila jiwe hili sina kitu. Yale mengine ishirini na moja yanasema jambo ambalo kila mtu anajua. Nikakuambia habari za tembo, Mungu anisamehe. Nilijiambia nangoja uthibitisho, na mwenye uthibitisho nilikuwa namkwepa.

Shemeji Mashimba, nakuuliza sasa. Jiwe namba kumi na saba ulilitoa wapi? Nakuachilia neno lako. Kosa ni langu, mimi niliyekutuma mahali ambapo nilipaswa kwenda mwenyewe na sikuwahi kukueleza kwa nini ni lazima liwe la mwambani. Mwonyeshe Dada mahali. Waonyeshe watu wa hifadhi. Fanya leo, usingoje mvua ikatike.

Profesa nitamwambia kabla ya mkutano. Nitalitoa jiwe lile kwenye kazi yangu, na mstari mwekundu nitaufuta.

Mwambieni Mama kwamba ni mimi. Au msimwambie, mwonyesheni tu mahali.

Nickolaus


Kisawasawa,
Jumapili, 8 Machi 1998

Nickolaus,

Mama alifariki Jumamosi, tarehe 21 Februari, saa nne asubuhi. Tulimzika Jumapili hapa kijijini, kwenye makaburi ya kanisani, kwa kuwa hatukuwa na mahali pengine pa kuwaonyesha watu wa hifadhi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea kwa mvua ile. Mashimba alichimba tangu mwanzo hadi mwisho na hakukubali kupokewa jembe. Nilikupigia simu ya upepo kupitia misheni, sijui kama ilifika.

Barua yako imefika juzi, Ijumaa tarehe 6. Nilimsomea Mashimba palepale mlangoni, hajakaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake, akasema twende. Sasa amemzika mkwe, anaruhusiwa kuingia. Tulipitia kwa Teofili.

Alinionyesha bila kutafuta. Siku ile alikuwa amepanda hadi nusu ya njia, ukungu ukashuka, akasikia tembo mbele, akarudi. Hakutaka kukurudia mikono mitupu nawe ukiwa umelala mgonjwa. Pale mahame, asijue kuwa ndipo penye kaburi, akaona jiwe jeusi lenye chembe nyekundu kama ulivyomfundisha, limelala peke yake, akajiambia jiwe ni jiwe. Alipolinyanyua lilibaki shimo, naye akalijaza udongo, akalikanyaga, akatandaza majani. Mfugaji haachi shimo wazi njiani, ng'ombe atavunjika mguu. Ndiyo maana hatukuona kitu. Mvua imeudidimiza udongo ule sasa, pamekuwa na kibonde kidogo chenye maji. Ni hatua nne kutoka pale Mama alipokaa chini siku ile.

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza miezi yote hiyo, ameniona nikilia. Alisema, "Shemeji ndiye aliyesoma. Nilidhani akinyamaza ana sababu." Simlaumu sana. Mimi pia ningeweza kumng'ang'ania nikauacha woga wangu. Hilo nitalala nalo mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi. Ndani ya barua umeandika tarehe 25 Januari. Muhuri wa posta ya huko juu ya bahasha ni wa tarehe 19 Februari, siku moja baada ya mkutano wako. Nimeutazama kwa kioo cha kukuzia cha shule, nikampa na mwalimu mwenzangu asome bila kumwambia kwa nini. Ni 19. Barua zako zinachukua siku kumi na tano. Kama ungeituma siku uliyoiandika, ingefika tarehe tisa au kumi, Mama akiwa bado anaweza kubebwa kwenye machela. Usinieleze. Sitaki kujua ilikaa wapi siku hizo ishirini na tano, kwenye droo au mfukoni.

Mashimba anadhani ni mafuriko yaliyoichelewesha, nami nimemwacha adhani hivyo.

Nilikuwa nimemwahidi Mama kukuandikia maneno yake. Alhamisi, siku mbili kabla, aliniita nilete daftari, akasema niandike asemavyo nisiongeze. Nayanakili hapa.

"Mwambie Nickolaus asome, asiwe na wasiwasi juu yangu. Mahali pa kaka yake tumepakosa, lakini yeye ndiye anayejua mawe. Akirudi apite pale. Yeye akilitazama lile jiwe atalitambua."

Dativa